Ukungu Mahali pa Uso wa Ghasite

Shemeji yangu Ghasite alikuwa mchota maji hapa Lucknow, Bara Hindi. Waingereza walipokwisha kuuzima uasi wetu, Mzungu mmoja alikuja kupiga picha majumba yaliyobomolewa na mizinga, na Ghasite akawa anamletea maji ya kuoshea vioo vya picha. Siku moja Mzungu akamsimamisha ukutani. "Usitikisike mpaka nikuambie, ukitikisika picha itaharibika."

Picha haijaisha, akapita ofisa wa Kiingereza juu ya farasi. Sasa mchota maji gani hapa hampigii ofisa saluti? Mwaka ule watu walinyongwa kwa makosa madogo kuliko hilo! Ghasite akainama, mkono usoni.

Baadaye kipindupindu kikamchukua. Dada yangu Nasiban, mkewe, akanikokota hadi kwa Mzungu aione sura ya mumewe. Tukaonyeshwa ukuta na miguu miwili. Juu, ukungu mtupu.

"Uso uko wapi?" dada akauliza.

"Aliinama. Nilimkataza."

"Si ungemkataza yule wa farasi!" nikafoka.

"Nyamaza wewe, unataka na wewe wakunyonge?" Dada akaugusa ule ukungu kwa kidole. "Pua yake hii hapa. Unaiona?"

Nikamwambia naiona.