Rudia, Kamera Haikusikia

Spiridon Yegorovich Gabyshev hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakuona sababu ya kujifunza. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu kwenye barabara ya majira ya baridi, ile inayotoka Yakutsk kwenda kaskazini ikipita juu ya mito iliyoganda, na kila alichokuwa nacho alikipata kwa kubadilishana. Gari lake la kwanza, mkweche uliotupwa na jeshi, alilipata kwa ngozi za farasi na magunia ya samaki. Injini mpya aliipata kwa ng'ombe wa marehemu baba yake, na mama yake hakusema naye mpaka theluji ilipoyeyuka. Mtu akimshauri asamehe jambo, alimuuliza kwa sauti ile ile ya sokoni, "Nikisamehe, napata nini?" Na hakuna aliyewahi kumpa jibu la kumridhisha.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umebaki na dole gumba peke yake. Usukani aliumudu, gia alizipiga kwa kiganja. Kilichomshinda kilikuwa koti. Koti la ngozi ya kondoo la nchi ile halina zipu, maana zipu huganda ikang'oka meno. Lina vifungo vya mfupa na vitanzi vya ngozi vigumu kama waya, vinavyotaka mikono miwili mizima. Basi kila alipomaliza kula kwenye hoteli ya Shangazi Kapa, kando ya kivuko cha barafu, alisimama mlangoni koti likiwa wazi, na dereva yeyote aliyekuwa karibu aliinuka akamfunga bila kuombwa, huku akiendelea na mazungumzo yake. Wenzake walikwisha kuzoea. Yeye hakuzoea. Kila kifungo kilipoingia kwenye kitanzi alilitaja moyoni jina moja: Rodion Kharin.

Mambo yalikuwa hivi. Majira mawili ya baridi yaliyopita, wiki ya mwisho kabla ya mwaka mpya, bomba la dizeli la Spiridon lilipasuka katikati ya safari. Baridi ilikuwa nyuzi hamsini na tano chini ya sifuri. Katika baridi ile injini haizimwi tangu Oktoba mpaka Aprili. Ukila inanguruma, ukilala inanguruma. Ikizimika yenyewe, muda ulio nao ni ule wa kabini kupoa, basi. Spiridon alivua glavu, kwa kuwa nati ndogo haishikiki na glavu, na dizeli ikammwagikia mkononi. Nyama iliyoloa dizeli kwenye baridi ile hugeuka ubao kabla hujamaliza kutukana.

Ndipo lori likatokea mbele yake.

Barabara ile ina sheria moja, haijaandikwa popote na hakuna anayeihoji: gari lililosimama halipitwi. Hata kama dereva wake ameshuka kukojoa, wewe unapunguza mwendo, unashusha kioo, unauliza, "Uko hai?" Akikujibu kwa matusi, unaendelea na safari yako kwa amani. Lile lori lilipunguza mwendo. Spiridon akainua mkono wake uliokuwa umeshaanza kuwa mweupe. Lori likapiga honi fupi, kama mtu anayemsalimia jirani aliye upande wa pili wa ua, likapita.

Mjomba Motya, mzee wa lori la makaa ya mawe, ndiye aliyemkuta baadaye akiota moto wa tairi lake la akiba. Hospitalini walikata vidole vinne.

Lakini kamera ya dashibodi ilikuwa imeona. Spiridon alikuwa ameifunga karibu na mdomo wa hita, ndani ya soksi ya mtoto iliyotobolewa tundu, isigande. Na injini ilipokufa, kamera iliendelea kula betri na kutazama. Namba ya lori lile haikusomeka, ilikuwa imevaa theluji kama namba za magari yote. Kilichosomeka ni blanketi la rejeta. Kila dereva hulifunika pua gari lake kwa kitu kizito, na kila mke hushona anachojua. Lile lilikuwa zulia la ukutani lenye kulungu wawili kando ya kijito, na mmoja wao hakuwa na kichwa, kwa sababu mahali pa kichwa palitiwa kiraka.

Kwa Shangazi Kapa kulikuwa na televisheni ukutani, na madereva walikuwa na desturi ya kuchomeka humo kadi za kamera zao wakati wa kula, wacheke ajali za wenzao. Spiridon alitoka hospitali akaenda moja kwa moja hadi pale, mkono ukiwa umefungwa bendeji, akachomeka yake. Lori likaja, honi ikalia, kulungu wakapita. Watu wote wakageuka kumtazama Rodion Kharin, ambaye lori lake nalo lilivaa zulia la kulungu, na aliyekuwa akichovya pelmeni, maandazi madogo ya nyama, kwenye maziwa ya mgando.

"Jamani, zulia la kulungu!" Kharin alisema, mdomo umejaa. "Nani hapa hana zulia la kulungu kwa mama mkwe wake?"

Wakacheka. Ni kweli, kila mtu alikuwa nalo.

"Na huyo asiye na kichwa?" Spiridon aliuliza.

"Labda naye aliganda, Spirya."

Wakacheka zaidi. Mjomba Motya hakucheka, lakini naye alitikisa kichwa. "Namba haionekani, Spiridon. Hatuwezi kumtenga mtu kwa zulia."

Kutengwa ndiko alikokuwa akikutaka Spiridon. Mahakama hakuijali. Dereva aliyetengwa, redioni hakuna anayemjibu; spea haazimwi; sahani yake Shangazi Kapa haiweki mezani. Akikwama watasimama, maana sheria ni ya wote, lakini watamvuta kama wanavyovuta gogo, bila neno. Hakuna aliyewahi kuvumilia majira mawili ya namna hiyo. Wiki iliyofuata lori la Kharin lilionekana limevaa turubai jipya la kijani badala ya zulia, na Spiridon akajua, bila shaka hata chembe, kwamba mtu wake ni yule.

Hakupiga kelele tena. Alikwenda kwa fundi mmoja mjini, akapatana naye asubuhi nzima, akatoa gunia la samaki weupe na mguu wa farasi, akaondoka na kamera nyingine. Hii ilikuwa na macho makali na masikio makali zaidi. Alisokota skrubu zake kwa mkono wa kushoto, akaivalisha soksi, akangoja. Barabara ilikuwa moja tu, na Kharin hakuwa na mabawa.

Alimkuta majira ya baridi yaliyofuata, Februari, mchana, jua likiwa chini kama sinia la shaba nyuma ya ukungu. Lori lenye turubai la kijani lilikuwa limesimama katikati ya mto, taa zake zikipepesa kwa unyonge, na bomba lake la moshi halikutoa moshi. Kharin alikuwa mpenda rahisi, na safari hii alijaza dizeli ya bei ya kutupa, iliyochanganywa. Ikageuka uji ndani ya tangi. Alipoona gari linakuja aliruka chini, akakimbia akipunga mikono. Kisha akalitambua, na mikono ikashuka.

Spiridon alipunguza mwendo. Akasimama. Akabonyeza kitasa cha mlango wa abiria, mlango ukajifunga, akashusha kioo upana wa kidole.

"Uko hai?" aliuliza.

"Spiridon Yegorovich! Mungu amekuleta! Dizeli imeganda, hita imekufa zamani. Fungua, kaka yangu."

"Kaka wa nani?"

"Fungua bwana, tutaongea ndani."

"Tutaongea hivyo hivyo. Nenda ukasimame mbele ya gari, kwenye mwanga. Shusha skafu, uso uonekane."

Kharin alitazama kioo cha mbele, akaiona ile soksi ya mtoto na jicho ndani yake. Kope zake zilikuwa nyeupe, na ndevu zilikuwa zimeshikana na sufu ya skafu.

"Spirya, acha utani. Miguu siisikii."

"Mimi vidole sivisikii, mwaka wa pili huu."

"Unataka nini? Sema unataka nini!"

"Nataka maneno. Wewe unayo, mimi nina hita. Hiyo ni biashara, Rodion Lukich, na wewe ni mtu wa biashara. Ukiona bei kali, subiri gari jingine. Labda litasimama."

Kharin aligeuka kutazama barabara nyuma yake. Ilikuwa nyeupe na tupu mpaka macho yalipokomea. Akaenda mbele ya gari, akaishusha skafu kwa vidole vyake kumi, na ngozi ya kidevu ikatoka nayo kidogo.

"Ni mimi!" alipaza sauti. "Mimi ndiye niliyekupita! Nilibeba chenza za mwaka mpya, ningesimama zingeganda! Nilikuona umeinua mkono. Nilikuona, nikapita!"

Katika baridi ile hewa husimama kama kioo, na sauti huja hadi sikioni kama mtu ameiweka kwa mkono. Spiridon alisikia kila neno. Alihisi kitu cha moto kikimshuka kifuani, akataka kishuke polepole. Akaikumbatia chupa ya chai kwa kiwiko, akafungua kifuniko kwa mkono mzima, akamimina. Akanywa funda.

"Rudia," alisema. "Kamera haikusikia."

Kharin akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Upepo," Spiridon alisema, akanywa funda la pili. "Rudia."

Mara ya tatu mtu yule alikuwa akilia, na machozi yalisimama mashavuni kama nta. Alisema "chenza", akasema "mkono", akasema "nilikuona", na neno "nikapita" halikumtoka vizuri kwa kuwa midomo ilikuwa imeshakuwa migumu. Hapo ndipo kitasa kikalia, mlango ukafunguka.

Ndani alimpa chai, kwenye kikombe kile kile. Lori likanguruma juu ya barafu.

"Hutaionyesha," Kharin alisema mwishowe, meno yakigongana. "Umeshapata ulichotaka."

"Niliahidi hita. Unaiota."

Hoteli ilikuwa imejaa, wakati wa chakula cha mchana. Watu walipomwona Kharin wakampokea kama inavyostahili: wakamvua viatu, Shangazi Kapa akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, mtu akamwekea sahani ya supu. Vijana wawili wakatoka na taa ya gesi ya kuyeyushia dizeli, kwenda kuliamsha lori lake. Spiridon akawaacha wamalize wema wao. Akaenda kwenye televisheni, akachomeka kadi.

Angeweza kuikata mahali. Alilifikiria hilo njiani akaliacha, maana pale filamu iliyokatwa haiaminiwi. Watasema umeikata kwingine pia. Akaiacha nzima.

Sauti ya Kharin ilijaza chumba. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekupita. Vijiko vikasimama. Ilipofika "nilikuona, nikapita," Shangazi Kapa alikuwa ameshafika kwenye ile meza. Aliichukua sahani ya supu mbele ya Kharin, aliyekuwa bado ameshika kijiko, akairudisha jikoni. Mjomba Motya akageuza kiti chake, akampa mgongo. Mwingine akageuza chake. Miguu ya viti ilikwaruza sakafu chumba kizima, na Spiridon aliisikiliza kama mtu anayesikiliza harusi ya mwanawe.

Lakini filamu ilikuwa ikiendelea.

"Rudia. Kamera haikusikia." Ikasikika chai ikimiminwa. Likasikika funda, refu, la starehe. Kamera ilikuwa na masikio mazuri kweli. Kisha mtu akilia nje, na juu ya kilio chake, funda jingine. "Upepo. Rudia."

Hakuna aliyecheka. Picha ilipokwisha, Shangazi Kapa alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, anafuta mikono.

"Ilisikia," alisema.

"Nini?"

"Kamera, Spiridon Yegorovich. Ilisikia mara ya kwanza. Nasi tumesikia."

"Na wewe ulisikia," Mjomba Motya alisema, bila kumtazama.

"Alinipita," Spiridon alisema. "Mnataka nimlilie? Mimi nilisimama. Nimemleta hapa akiwa hai."

"Ulisimama, hatuna neno. Sahani yako haiondoki. Yule amekwisha hapa barabarani, na amestahili." Mzee akakoroga chai yake. "Ila wewe ulisimama ukanywa chai."

Spiridon alikula. Alikula yote, supu na nyama ya farasi na mkate, kwa kuwa chakula hakina kosa. Akachomoa kadi yake, akavaa koti, akaenda mlangoni, akasimama pale anaposimama siku zote, koti likiwa wazi.

Waliokuwa karibu walikuwa watatu. Mmoja alikuwa na kazi ya kumenya yai. Mwingine alitazama televisheni iliyozimwa. Mjomba Motya alikuwa bado anakoroga chai isiyo na sukari.

Kutoka kwenye kona, mtu aliyetumbukiza miguu kwenye beseni, ambaye hakuna aliyekuwa amemsemesha tena, alinyoosha mikono yake miwili.

"Nikufunge, Spirya?"

Spiridon alivitazama vile vidole. Vyote vilikuwepo, vimevimba, vyekundu, vinatembea. Akasukuma mlango kwa bega.

Toka mlangoni hadi kwenye gari hapakuwa mbali, lakini baridi ilimwingia kifuani kama mtu aliyedai kiti chake. Alilishika koti kwa mkono wa kushoto na kulibana kwa dole gumba la kulia, na hata hivyo alipofika kwenye kabini taya lilikuwa limekaza na pumzi ilimkata. Injini ilikuwa ikinguruma. Alikaa mbele ya hita mpaka akaweza kupinda mkono, akairudisha kadi kwenye kamera ndani ya soksi, akaanzisha filamu tangu mwanzo, akapandisha sauti.

Walisema kweli. Mara ya kwanza ilikuwa imesikika vizuri kabisa, kila neno. Akaiacha iende hadi ya pili, hadi ya tatu. Kisha akamimina chai iliyobaki, akapiga funda moja refu, akaingiza gia kwa kiganja.