Ukakasi wa Quitéria

Watu wa kijiji chetu cha Baixa do Mocó wakikuambia wifi yangu Quitéria alikuwa mpole, wanakudanganya, kwa sababu wanaogopa kumsema marehemu. Mimi siogopi. Aliolewa na kaka yangu Anselmo, tukaishi ua mmoja mpaka sote tukaota mvi, na sikumbuki siku aliyosema "sawa" kabla ya kusema "kwa nini." Nilimpenda, na alinichosha.

Nyuma ya nyumba yake ulikuwapo mkorosho wa zamani, matawi yake yameinama mpaka chini. Mabibo yake yalikuwa madogo, mekundu, na yenye ukakasi usio na huruma. Ukiuma moja ulimi unakauka na mashavu yanavutana. Watoto walishindana nani atatafuna bila kukunja uso. Quitéria alikunywa maji yake kila asubuhi ya msimu, uso mkavu, kutukomoa tu.

Alikuwa na sababu ya kuupenda mti ule. Mwaka wa ukame mkubwa Anselmo alijikata ugokoni kwa panga akifyeka miiba, na zahanati ilikuwa mbali, na punda wetu alikuwa amekufa kwa kiu. Quitéria akabandua gome la mkorosho, akalichemsha mpaka maji yakawa mekundu, akamwosha kidonda asubuhi na jioni. Kaka yangu, mwanamume mzima, alilia na kumtukana mkewe matusi ambayo siyarudii hapa. Kidonda hakikuoza. Miaka mingi baadaye bwana shamba mmoja alitueleza kwamba kitu kile kinachokausha ulimi kinaitwa tanini. Mti unajilinda nacho, akasema, maana ukungu na vijidudu vinakichukia, na mtu akikinywa kinamsaidia mwilini kama mafuta yanavyozuia chuma kushika kutu. Quitéria alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe kina jina," akasema. "Karibu kahawa."

Sasa huyu mwanawe, Genivaldo. Mtoto wa pekee, mchapakazi, ila masikio yake yalikuwa ya mapambo. Baba yake alipofariki alipanda mikorosho mifupi ya kuunga, ile inayozaa mapema mabibo makubwa ya manjano, matamu kama sukari. Ilimzalia vizuri, sitaki kumnyima haki yake. Lakini tamaa haina kituo. Akaanza kuutazama mti wa mama yake.

"Mama, ule mti umezeeka," alisema siku moja tukila wali na maharage. "Umekalia eneo la kupanda safu nzima, na mabibo yake hata nguruwe wanayasusa."

"Na mimi nimezeeka. Nimekalia kiti. Unanikata lini?"

"Mama, usigeuze maneno."

"Sijageuza. Nimeyasimamisha wima uyaone."

"Nitaukata kabla ya mvua. Nimeshasema."

"Na mimi nimeshasikia. Kula."

Asubuhi aliyokuja na shoka alimkuta mama yake mtini. Alikuwa ametundika machela yake, kile kitanda cha kitambaa tunacholalia sote huku, kamba moja kwenye shina na nyingine kwenye tawi nene, naye yumo ndani anavuta kiko. Genivaldo akasimama na shoka lake begani.

"Kata, mwanangu," Quitéria akamwambia. "Ila anza na upande wa miguu, nisije nikaangukia kichwa."

Atafanya nini? Alirudi nalo nyumbani. Tangu siku hiyo Quitéria akahamia pale, mchana na usiku. Mimi nilimpelekea kahawa na maneno, maana wifi bila maneno si wifi.

"Wifi, mbu watakumaliza hapo."

"Wakininywa watakunja midomo, wataambiana."

"Umri wako wote huo unalala mtini kama kuku."

"Kuku halindi kitu. Lete kahawa, acha kelele."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na wasiwasi. Genivaldo alikuwa amekwisha kuapa mbele ya watu kwamba binti yake Edilene akishaolewa, kesho yake ataleta binamu zake, watamshusha mama na machela yake, na mti utaanguka. Alikuwa na uwezo huo. Mama mmoja mzee hawezi kupigana na wanaume wanne, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Nilimkuta siku moja ameweka kiganja kwenye gome, macho yamelowa, akajifanya moshi wa kiko umemwingia.

Harusi ikakaribia, tukaanza kutengeneza cajuína. Kwetu mgeni asipomiminiwa glasi ya maji ya mabibo yaliyochujwa mpaka yakang'aa, ujue hakukaribishwa. Ikiwa na ukungu ndani, ni aibu ya ukoo. Genivaldo akasema ya harusi ya mwanawe itatokana na mabibo yake mapya peke yake, wakwe waonje utamu. Tukakamua pipa zima. Kisha akachukua kibuyu cha marehemu baba yake, kile tulichopimia jelatini, ule ute wa mifupa ya ng'ombe, tangu enzi hizo, akakijaza, akamimina polepole huku nikikoroga.

Hapo ndipo maji hukatika. Jelatini hushikana na ukakasi, vinakuwa mabonge kama maziwa yaliyoganda, unachuja kwa kitambaa cha pamba, na kinachobaki ni maji meupe angavu, tayari kutiwa kwenye chupa na kuchemshwa mpaka yawe rangi ya dhahabu. Nilikoroga. Hayakukatika. Genivaldo akaongeza kibuyu kingine. Yakazidi kuwa mazito na machafu kama maji ya kuoshea mchele.

"Shangazi, koroga vizuri."

"Nilikuwa nakoroga kabla hujazaliwa. Usinifundishe."

Edilene alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani. Wakwe walikuwa wanafika keshokutwa. Nikachota kidogo, nikaonja. Tamu tupu, ulimi umelala laini. Nikaelewa, na hasira ikanipanda.

"Tumekuwa wajinga," nikasema. "Hiki kibuyu ni kipimo cha mabibo makali. Haya yako hayana ukakasi hata chembe. Jelatini itashika nini humu? Itashika hewa?"

"Sasa tufanye nini?"

"Unaujua mti wenye ukakasi. Nenda kamwombe mwenyewe."

Aliweka kibuyu chini, akatoka. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wahenga walisema, naye alikuwa ametukana, kijiji kizima kikisikia. Tukamfuata mimi na Edilene, na sina haya kusema kwamba nilifuata ili nisikie.

Quitéria hakuinuka kwenye machela.

"Mama, naomba mabibo."

"Si unayo shamba zima?"

"Naomba ya mti huu."

"Upi? Huu wa nguruwe?"

Genivaldo akainamisha kichwa. "Huu uliomponya baba."

Quitéria akatoa kiko mdomoni. Kisha akamwambia, "Bibi harusi ni mjukuu wangu, siwezi kumwaibisha kwa ujinga wa baba yake. Chuma. Lakini shoka lako likija hapa tena, linikute nimo."

Genivaldo alichuma mwenyewe, matawi yakimkwaruza shingo. Tukakamua, tukamimina maji yale makali ndani ya pipa, nikakoroga mara chache tu. Mabonge yakatokea. Edilene akaanza kulia, na baba yake akageukia ukutani.

Siku ya harusi tulimimina glasi baada ya glasi, na ungeweza kuhesabu vidole vya mtu aliye upande wa pili wa glasi. Jioni Genivaldo alikwenda mtini.

"Shuka sasa, Mama. Sitaukata."

"Nimesikia."

"Basi shuka."

"Sikupanda kwa amri yako."

Quitéria akabaki humo. Alirudi kulala nyumbani mvua zilipoanza, kwa hiari yake, lakini machela aliiacha imetundikwa, na kila kiangazi alihamia tena. Alifia humo miaka michache baadaye, mchana, kiko bado kina joto. Tulimbeba kwenda makaburini kwa machela ile ile. Kamba ya shinani haikufunguka, gome lilikuwa limeimeza, ikabidi tuikate na kuacha kipande chake mle.

Mwaka jana alikuja mnunuzi wa mabibo, kijana msafi, akazunguka shamba. Akafika kwenye mkorosho wa zamani, akatikisa kichwa.

"Huu ungeuondoa ungepata nafasi nzuri," akamwambia Genivaldo.

"Mti ni wa mama. Yeye hakubali."

"Lakini nimeambiwa mama yako alishafariki."

"Ndiyo," Genivaldo akasema. "Kwa hiyo hatabadili neno."