Mkono Niliouficha Dukani

Mwanangu Kemunto, weka hiyo simu kando kidogo unisikilize. Kuna asubuhi moja ambayo mpaka leo haijanitoka. Nikiwa kazini naiona, nikiosha vyombo naiona: ule ukungu juu ya maji, na Mzee Zakaria ameketi ndani yake kama mtu anayesubiri chai. Kesho tunakwenda kukuchagulia bunduki yako ya kwanza ya kuwindia bata, na sitaki uingie lile duka kabla hujasikia habari za asubuhi hiyo, kwa sababu wewe pia umo. Umo kwa ubaya niliokufanyia, na leo nataka kuutaja. Ulikuwa na miaka mitano, na mimi baba yako nilikuwa nikipambana usiku na mchana kuuua mkono wako wa kushoto.

Usinijibu kwa Kizungu kwamba hukumbuki. Unakumbuka. Nimekuona unavyoutazama huo mkono ukidhani niko jikoni.

Mimi mwenyewe nilizaliwa wa kushoto, kule Kisii. Nyanya yangu, Mungu ailaze roho yake pema, alikuwa akinifunga mkono huo kwa kipande cha leso kila tukikaa kula, na siku nilipompa mgeni kikombe kwa mkono wa kushoto, nyanya aliona haya mpaka akatoka nje. Hakuwa mkatili, usimfikirie hivyo. Alinipenda kuliko wajukuu wake wote, na ndiyo maana alinifunga kwa bidii kuliko wote. Basi nikajifunza kuandika kwa kulia, kula kwa kulia, kusalimia kwa kulia, na watu wakanisifu kwa adabu. Nilipofika Minnesota nilikuwa nimeuficha huo mkono vizuri mno, hata mama yako alikaa nami miaka miwili kabla hajajua. Lakini nikirusha kitu, nikilenga kitu, nikishtuka, mwili wote unakimbilia kushoto.

Halafu wewe ukaanza chekechea, ukaja nyumbani na karatasi, ukachukua kalamu ya rangi kwa mkono wa kushoto, ukaanza kunichora. Moyo ulinilipuka. Unajua nilifanya nini? Nilichukua soksi yangu nyeusi, nikakuvisha mkononi, nikaifunga kifundoni kwa mpira wa nywele. Kila ukitoka shule, soksi. Jumamosi, soksi. Hata kanisani, Jumapili, soksi. Mama yako alipolalamika nilimwambia mimi nilifanyiwa hivyo hivyo na nikapona. Nilipona! Hebu nisikie mimi.

Mwaka huo huo ndio nilioingiwa na wazimu wa bata. Nilikuwa nafanya shifti kwenye nyumba ya wazee huko Saint Paul, na babu mmoja niliyekuwa nikimwogesha alikuwa na habari moja tu, bata. Wanavyoshuka, wanavyogeuka kwenye upepo, wanavyofunga mabawa wakikaribia maji. Nikimsugua mgongo, nawaona. Nikilala mchana baada ya shifti, nawaona wakipita juu ya kitanda. Nikaenda kozi ya usalama wa bunduki, nikapata leseni, na asubuhi moja nikajikuta nimesimama ndani ya duka, ukuta mzima wa bunduki mbele yangu, harufu ya mafuta ya mashine, na watu wanaongea kwa sauti za chini utadhani wako maktaba.

Muuzaji alikuwa mtu mpole, mwenye kipara na ndevu. Aliniuliza kitu kimoja kabla ya yote. Unapigia bega gani, la kulia au la kushoto?

Kemunto, haki ya Mungu, hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza hivyo tangu nizaliwe. Aliuliza tu, vile mtu wa viatu anauliza unavaa namba ngapi. Jibu lilinifika mdomoni. Kisha nikamwona nyanya amesimama katikati ya lile duka na kipande chake cha leso, nikajisikia nasema, kulia.

Sasa elewa kwa nini jibu hilo lilikuwa baya. Bunduki ya marisawa, ile ya kutawanya chembe ndogo za risasi, kama ni ya kujipakia yenyewe, ukiifyatua, inatema ganda la risasi pembeni na kuingiza nyingine hapo hapo, bila wewe kufanya kitu. Ya mtu wa kulia inatemea kulia, mbali na uso wake. Mtu wa kushoto akiiweka kwenye bega lake, lile ganda linampitia mbele ya macho, la moto. Na kitufe cha kuifunga isifyatuke kimewekwa kwa ajili ya kidole cha yule mwingine. Muuzaji angenieleza haya yote kama ningesema kweli. Alinipa ya kulia, nzuri ajabu, ina rangi ya matete makavu, na mimi nikaibeba mpaka kwenye gari nikiimba.

Nilikwenda ziwani na Mzee Zakaria. Wewe unamkumbuka akiwa ameshachoka, lakini wakati ule alikuwa bado na nguvu zake. Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, upande wa Ziwa Tanganyika, anakaa mtaa wa Phillips, mzee wa kanisa letu. Bunduki hakutaka kuishika tena maishani mwake na hakutaka kuulizwa kwa nini. Alikuja kwa sababu ya maji, na kwa sababu alikuwa anajua kunyonyoa ndege kuliko mtu yeyote katika miji hii miwili pacha, Saint Paul na mwenzake. Alikuwa ananiita kijana. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, usicheke.

Ziwa lenyewe ni dogo, unapita mji wa Shakopee unaendelea magharibi mpaka nyumba zinaisha. Tulifika mbingu ikiwa inaanza kuwa nyeupe. Nilipanga bata wa plastiki, wa kuwahadaa wale wa kweli washuke, kwenye maji ya kina kifupi, nikarudi tukakaa ndani ya matete, yeye amekalia ndoo iliyopinduliwa, mimi nimepiga goti. Sijui nikuelezeje ule ukungu. Maji hayakuwa na mwisho wala mwanzo. Wale bata wa plastiki walielea hewani. Tulisikia mabawa muda mrefu kabla ya kuona ndege yeyote, fyu, fyu, fyu, yanakuja, yanapotea, na Mzee akafumba macho akaanza kuimba chinichini kwa Kibembe chake. Nilijiona niko ndani ya usingizi wa mtu mwingine, na sikutaka huyo mtu aamke.

Ndege wakaja. Nikapiga kwa bega la kulia, hewa. Wakaja wengine, nikapiga, hewa tena. Jicho langu la kulia halilengi, Kemunto, halijawahi kulenga. Mzee alicheka kwa upole akaniuliza kama nimekuja kuwaogopesha au kuwala.

Kisha bata bukini wawili wakatokea kwenye ukungu, chini kabisa, wakubwa, shingo zimenyooka. Sikufikiri. Nilishtuka, na mwili ukafanya ulivyozoea kufanya ukishtuka. Bunduki ikahamia bega la kushoto yenyewe. Nikafyatua. Ganda la moto likanipita machoni, nikapiga kelele, nikageuza uso na bunduki ikageuka nami, na kidole kilikuwa bado pale pale, na ile mashine ilikuwa imeshajipakia. Ikalia mara ya pili.

Maji yaliruka hatua mbili kutoka miguuni pa Mzee Zakaria.

Wale bukini waliendelea na safari yao. Mzee hakusogea. Alikuwa ameloa mpaka kifuani, na kipande cha tete kimemwangukia kwenye kofia. Mimi nilikuwa bado nimeishika ile bunduki.

"Toa risasi zote," alisema. Nikatoa. "Weka chini." Nikaweka. Akakitoa kile kipande cha tete kwenye kofia. Kisha akasema, taratibu tu, "Mimi nimevuka vita, nimevuka kambi, nimevuka bahari kwa ndege, alafu nikufe hapa juu ya bata?"

Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa kidole.

"Mukono yako ya kushoto iko na shida gani?"

Nikamwambia haina shida.

"Mbona unaificha, basi? Nimekuona sasa hivi. Ile ya kwanza na ya pili ulipiga kama mutu anabeba muzigo ya mwenzake. Ya tatu ulipiga kama wewe. Muzungu wa dukani hakukuuliza?"

"Aliniuliza, Mzee."

"Ukamujibu nini?"

Nikamwambia. Mzee akanitazama mpaka nikaangalia chini.

"Ulimudanganya mutu usiyemujua, mutu hata hatakuona tena, juu ya mukono Mungu alikupatia. Na sasa kidogo uniue." Akaupangusa uso kwa mkono wa koti. "Na ule mutoto yako. Jumapili nilikuwa nyuma yenu. Watoto wote wanapiga makofi, yeye anapiga na soksi, haitoe hata sauti. Nilisema, labda ameumia. Kumbe hajaumia. Ni wewe unamuumiza."

Nililia, mwanangu. Kwenye matope, na bunduki ya rangi ya matete imelala pembeni, nililia kama mtoto mchanga. Mzee hakunibembeleza. Alivua kofia, akaikamua maji, akaivaa tena, akasema anaona baridi na mimi ndiye mwenye gari.

Tulirudi bila ndege hata mmoja. Nilimfikisha Phillips, akashuka bila kuniaga, kisha akarudi akagonga kioo. Aliniambia nikamalize hilo jambo leo, si kesho. Nikaendesha mpaka nyumbani nikijipanga nitakavyokuambia, vile nitakavyokupigia magoti, vile tutakavyocheka. Nilikuwa na maneno mazuri sana ndani ya lile gari.

Nilifungua mlango. Ilikuwa karibu saa tano asubuhi, Jumamosi. Ulikuwa umekaa kwenye zulia na karatasi zako, kalamu ya rangi iko mkono wa kushoto. Uliniona. Uliweka kalamu chini, ukaenda kwenye kapu la nguo, ukatoa ile soksi, ukaja nayo mpaka mlangoni, ukaninyooshea mkono nikufunge.

Hukulia wala kununa. Ulinyoosha tu, umezoea, kidole gumba umekikunja ndani ili soksi iingie vizuri.

Maneno yangu yote yaliishia pale. Niliichukua ile soksi na kukukumbatia na matope yangu yote, ukasema ninanuka, na hiyo ndiyo sehemu unayopenda kuwasimulia watu, kwamba baba aliwahi kurudi kutoka kuwinda akinuka kama kinamasi. Sasa unajua alikuwa anatoka wapi na kwa nini hakukuachilia haraka. Nisamehe, Kemunto. Nimechelewa miaka tisa kulisema, lakini nisamehe.

Ile bunduki niliirudisha, nikamwambia muuzaji ukweli mbele ya wateja wengine watatu. Hakucheka. Alisema za kushoto ni chache, itabidi aagize, nisubiri wiki tatu. Nikasubiri. Ndiyo hiyo unayoifahamu.

Kwa hiyo sikiliza nasaha zangu. Kesho vaa koti lako zito la baridi, kwa sababu bunduki inayokutosha ukiwa na fulana itakuwa ndefu ukiwa ziwani. Fumba macho, iweke begani, kisha fumbua: ukiona unatazama moja kwa moja juu ya mtutu, hiyo ni yako, na ukilazimika kupinda shingo, irudishe hata kama inang'aa. Ziko zinazojipakia kwa gesi ya risasi, hizo teke linalorudi begani ni la upole, ingawa zataka kusafishwa mara kwa mara. Ziko zinazojipakia kwa lile teke lenyewe, nyepesi na safi, lakini bega lako litalijua. Wewe una mwili mdogo, mimi ningechukua ya gesi, kipimo cha ishirini, yenye mtutu mwembamba kidogo, lakini bega ni lako na uamuzi ni wako. Usichague kwa sababu ya rangi. Usichague kwa sababu vijana wa darasa lako la usalama wanayo. Na wakikuambia za kushoto hazipo, sema utasubiri. Bata watarudi mwaka ujao.

Atakapokuuliza muuzaji unapigia bega gani, mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako na sitafungua mdomo. Mjibu wewe, kwa sauti, duka zima lisikie. Na siku utakapokuwa na watoto wako, kabla hujawarekebisha kitu, waangalie kwanza vizuri walivyoumbwa.

Sasa lete mikono hapa. Hapana, yote miwili. Mungu akulinde majini na nchi kavu, mwanangu, akupe jicho la kuona vizuri na moyo wa kutojionea haya, akurudishe nyumbani kila unapotoka. Aubariki mkono wako wa kulia. Na huu wa kushoto, niliouumiza mimi, aubariki mara mbili.