Baba Mkwe na Pedali Isiyorudi

Usiku ule nililala hasira zimenijaa mpaka kooni, ufunguo wa jipu nimeuficha chini ya mto, maana nyumba ilijaa wageni na mimi nilikuwa simwamini mtu.

Kesho yake binti yangu Zaina alikuwa anaolewa kule chini, Mombo, na gari la kumshusha bibi harusi lilikuwa langu, lile jipu kuukuu lililopanda milima hii kabla hata yeye hajazaliwa. Jioni breki ikaanza ujinga. Unakanyaga pedali, inashuka vizuri, lakini hairudi. Inalala chini kama imekufa, gari linajikaza lenyewe, rimu zinapata moto huwezi kuzigusa. Na zile kona za kushuka Mombo kila mtu anazijua. Mwanangu simpakii kwenye gari la hivyo.

Aliyelichezea nilishamjua. Hamza, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Wiki nzima alikuwa anang'ang'ania Zaina apande gari lake jeupe lenye kiyoyozi, nikamkatalia mbele ya watu. Na mchana wa siku hiyo hiyo nilikuwa nimemkuta ameinamia injini yangu, pua imekaribia kugusa vyuma.

"Unatafuta nini kwangu?"

"Naangalia tu, shemeji."

Anaangalia tu! Nikaapa kwamba asubuhi, ukoo wote ukikaa kunywa chai, nitamtaja. Nitasema Hamza ametaka kumuua mwanangu, na liwalo na liwe.

Basi usingizi ukanichukua na kiapo changu kifuani. Nikajiona nimesimama uani, jua limewaka, boneti iko wazi. Chini ya jipu imetokeza miguu miwili yenye katambuga, vile viatu vya mpira wa tairi. Nikaijua ile miguu. Ni mimi niliyeishika siku ya kumshusha Mzee Kibwana kaburini, baba mkwe wangu, baba yao Hamza na mke wangu. Alikuwa fundi magari maisha yake yote.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

"Marahaba. Kanyaga."

Nikasita. Marehemu mama yangu alikuwa akituonya, ukiota mfu anakuita usiende, akikupa kitu usipokee. Huyu anataka nini? Nikajisemea moyoni, ama amekuja kunichukua, ama amekuja kumtetea mwanawe. Yote mawili sikuyapenda.

Lakini mguu wangu tayari uko kwenye pedali, sijui nimepanda saa ngapi. Nakanyaga. Inashuka, inalala. Mzee yuko kando ya mlango sasa, anaivuta kwa kidole, anaichezesha huku na huku. Pini yake laini, haina kutu. Springi ipo. Anatikisa kichwa. Anaenda kwenye tairi la mbele, anajaribu kulizungusha, limeng'ang'ania. Analegeza nati ndogo ya kutolea upepo, mafuta yanaruka, chwaa! Tairi linaachia, linazunguka lenyewe polepole.

"Umeona?" ananiuliza.

Naona, ndiyo. Tairi halina kosa. Mafuta yamebanwa huko juu, kwenye silinda ya breki, yanashindwa kurudi kwenye kichupa chake. Yaani aliyeharibu ameharibia juu, pale pale alipokuwa ameinama Hamza! Nikapata nguvu.

"Sasa si ndiyo hayo, Baba? Ni mwanao!"

Mzee anarudi kwenye injini. Anafungua kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki na kunisogezea. Ninarudi nyuma. Sipokei kitu cha mfu, mimi si mjinga. Anakuja. Ninarudi tena, mgongo unagusa ukuta, na ukuta wenyewe ni wa jikoni kwetu. Jiko linawaka. Mzee Kibwana anachukua kichupa cha breki, anakimimina chote kwenye karai, na mafuta yanachemka vizuri, yanatoa povu. Anatumbukiza sambusa moja baada ya nyingine, ametulia kabisa, kama mtu aliyealikwa harusini.

Ndipo akageuka. Uso wake umekaribia wangu, hauna hasira, na hilo likanitisha zaidi.

"Kabla hujamtaja mtu," akasema, "nusa."

Niliamka nimejishika pua.

Nje kulikuwa kunapambazuka. Nikatoka peku, nikafungua boneti, nikafungua kifuniko. Mafuta ya breki yana harufu kali ya dawa. Haya, wallahi, yalinukia sambusa.

Nikakimbilia jikoni na kifuniko mkononi. Mke wangu alikuwa ameshaanza kukaanga.

"Mama Zaina! Nani katia kitu kwenye kichupa cha breki?"

"Ni mimi!" akajibu kwa fahari. "Juzi si ulinipigia simu ukiwa sokoni, ukasema kichupa cha breki kimepungua, nikitie mafuta? Nikatia."

"Mafuta gani, mwanamke?"

Akanyanyua dumu. "Haya haya ya alizeti. Tena mazuri. Ningetia mabaya kwenye gari la harusi ya mwanangu?"

Mpira wa breki ukinywa mafuta ya kula unavimba, na ukivimba unaziba njia, pedali itarudi vipi? Nikataka kupiga kelele, nikakumbuka yale maneno ya kwenye simu ni yangu mimi. Mafuta, nilisema. Mafuta tu.

Hamza alikuwa amelala ndani ya gari lake jeupe, amejikunja kwenye kiti, kitanda chake amewaachia wageni. Nikagonga kioo.

"Vipi tena, shemeji? Breki?"

Nikamsogezea kifuniko. "Nusa."

Akanusa. Akanitazama, akanusa tena. "Kumbe! Jana harufu hii ndiyo iliyoniinamisha pale. Nikadhani ni njaa zangu tu, nikaona haya kukwambia gari lako linanukia sambusa." Akacheka mpaka akaegemea usukani.

Mimi sikuweza kucheka. Jina lake lilikuwa bado liko mdomoni mwangu, limebaki kutolewa tu mbele ya watu, na aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia.

"Zaina atashuka na gari lako," nikamwambia. "Na wewe ndiye utakayeendesha."