Jalada Lililorudi Chini Mara Kumi na Moja

Watu walimwita Kengele, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Miaka thelathini na mmoja aliketi dirisha la tatu la halmashauri, kazi yake kuita watu. Enzi hizo mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, kwa sauti inayofika mpaka getini, akainuka kama mtu. Siku hizi mashine inatema kikaratasi, nambari inawaka ukutani, na binadamu mzima anakwenda dirishani akiwa mia mbili na kumi na saba.

Kwa hiyo afisa mpya wa usawa alipoitisha kikao cha kuamua kama kuita kwa sauti kufutwe kabisa, Kengele, aliyestaafu juzijuzi tu, aliapa kwenda kupinga.

"Baba, si uwaachie wenyewe?" binti yake alimwambia.

"Niwaachie! Nani aliwahi kubaguliwa dirishani kwangu? Tajiri, maskini, mgeni, mwenyeji, wote foleni moja!"

Akaenda masjala kutafuta ushahidi. Tarishi aliyezeeka naye kazini alimfungulia mlango.

"Pita, Kengele. Hata panya wa humu wanakuamkia shikamoo."

Utaratibu wa zamani ulikuwa huu: jina liliitwa mara tatu. Asipojibu mtu, karani aliandika "hakuitika" juu ya jalada, akalirudisha chini ya rundo. Kulifungua ilikuwa mwiko; ya ndani ni ya wakubwa. Kengele alijisifu kwamba hakuwahi kuchungulia hata moja.

Sasa akashika jalada la fundi cherehani mmoja, mwanamke, aliyeomba meza sokoni. Juu yake "hakuitika" kumi na moja, zote kwa mwandiko wake mwenyewe, ule aliosifiwa nao.

Akamkumbuka. Kitambaa cha bluu, benchi la mbele. Siku moja, wakati wa kufunga, mama huyo alisukuma stakabadhi yake chini ya kioo bila kusema neno. Kengele, macho yakiwa kwenye daftari, alifoka: "Nimekuita mpaka koo limekauka! Masikio umeyaacha nyumbani? Njoo wiki ijayo!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwanamke akageuka, akawaona wanacheka, naye akacheka.

Kengele akafungua jalada. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, mstari wa pili: *Mwombaji ni kiziwi. Tafadhali mumwite kwa mkono.* Nyuma kabisa kulikuwa na karatasi ya daftari la shule, iliyoandikwa baadaye na dada wa mwombaji: *Naomba kurudishiwa picha za marehemu dada yangu. Hatuna nyingine.* Picha mbili ndogo za yule mama bado zilikuwa zimebanwa pale. Zilikuwa zinamtazama.

Tangu siku hiyo ya masjala, kicheko cha mama yule hakikumtoka. Kilimfuata bafuni, kilimfuata mezani, akawa anaacha kijiko hewani na kusikiliza.

Siku ya kikao aliwahi mapema. Akamwomba tarishi akae dirisha la tatu, ainamie daftari na kuita jina lolote. Yeye akakaa benchi la mbele, akaziba masikio kwa viganja. Alitazama sana. Hakuona mdomo wala jicho. Aliona upara tu.

"Umeridhika, mwenzangu?" tarishi akauliza, akitoka. "Nimeita mpaka nimechoka."

Ukumbini, afisa wa usawa, binti wa umri wa wajukuu zake, alimpa nafasi. "Shikamoo, mzee wangu. Nasikia umekuja na ushahidi wa kutupinga."

"Marahaba. Mashine yenu naichukia mpaka kesho," alisema Kengele. "Lakini pokea jalada hili. Usiishie juu, fungua ndani."

Afisa alisoma polepole. Alipofika nyuma, mkono wake ulisimama.

"Hizo picha nipe mimi," mzee akasema. "Nitamtafuta dada yake."

"Ukimpata utamwambia nini, babu?"

"Kwamba aliyekuwa anaita ni mimi."