Mtumbwi Niliouita Mtupu

Atakayeniambia kuhesabu viboko kwa ndege ni starehe, nitamzaba kibao. Tumbo linakupanda kooni, masikio yanaziba, na rubani akishuka juu ya mafunjo ya ziwani, kule Kahendero, unaona mpaka meno ya wanyama.

Dirisha la kulia lilikuwa langu. Ninachokiona nakisema kwenye kinasa sauti: viboko kumi, nyati watatu, mtumbwi mmoja. Kundi likiwa kubwa tunarudi mara ya pili, chini zaidi, tupige picha. Ndivyo tulivyofanya siku zote.

Asubuhi ile kundi lilikuwa kubwa kweli. Karibu nalo, kwenye kijia chembamba cha maji, niliona mtumbwi umejaa majani. Nikasema, "Mtumbwi mmoja, mtupu." Tukarudi. Ndege ikawangurumia kichwani, viboko wakatimuka kwa hasira wakajitupa kwenye kijia kile kile. Mtumbwi ukarushwa juu, ukapasuka. Ndani ya majani akatoka mtu, na kiboko akamdaka. Mungu wangu! Maji yakawa mekundu. Hatukuwa na pa kutua. Rubani aliita boti kwa redio.

Alikuwa kaka yangu. Nilijua mchana, hospitalini Kasese.

Wavuvi wa kule hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, ko, ko, ko, kiboko ajue kuna mtu. Lakini wakisikia ndege wanadhani ni afande wa hifadhi anawasaka wavuvi wasio na leseni. Wanajifunika majani, wanalala kimya, hata kugonga hawagongi. Kaka alishanisimulia hayo nyumbani Bwera, nami nilicheka. Mjinga mimi!

Shemeji, mke wake, Mkongomani wa Butembo, alinirukia pale mlangoni. Alinikwaruza uso, akanipiga kwa kandambili mpaka ikakatika. "Munahesabu banyama, batu hapana!" Sikujikinga. Nilitaka anipige zaidi.

Kaka alikuwa amelala, mguu mmoja haupo, tumbo limefungwa bandeji iliyolowa damu. Alifungua macho, akaniuliza kwa Kiswahili alichozoea kwa mkewe:

"Ni weye ulikuwa mu ile ndege?"

"Ni mimi."

"Uliona mutumbwi yangu?"

"Niliuona."

"Ulisema iko mutu ndani?"

Nilitaka afe akijua nilimwona. Nikadanganya. "Ndiyo, nilisema."



"Na bado mukarudi?"

Hakusema nami tena. Tulimzika Bwera kesho yake.