Guylain na classe yenye haikuonekana

Ukifika ku clinique yetu, utaona kijana mwembamba, shati imefungwa mpaka ku shingo, funguo zinalia ku kiuno. Ule njo Guylain. Imprimante ikikwama, wanamuita. Télé ya wagonjwa ikikataa, wanamuita. Hata robinet ikivuja wanamuita, eti yeye iko informaticien! Hajue kukataa mutu. Mimi ni Marie-Louise, nauzisha samaki ndogo za sambaza ku soko ya Kadutu, na mambo ya mashini yake sikuyajua hata kidogo mpaka siku mutoto wangu Héritier alianguka.

Héritier iko maçon. Walikuwa wanajenga nyumba kule Bagira, mbao zenye alisimamia zikavunjika, akaangukia kichwa. Tulimufikisha ku clinique akiwa bado anaongea. "Maman, kichwa inauma," njo alisema. Wakamupitisha mu scanner. Docteur Zagabe, mwenye kupasua, akaniambia damu inavuja ndani ya kichwa, lakini docteur wa kusoma picha za namna ile hapa kwetu haiko. Iko Kinshasa. Anaziona kupitia application ya clinique, halafu anasema wafungue wapi. Bila yeye, hawagusi.

Na njo wakati ule courant ikakatika. Tumezoea. Groupe ya umeme ikanguruma, taa zikarudi, serveur, mashini yenye inachunga programu zote, ikaamka. Application ya picha ikakataa kuamka.

Nilimuona Guylain anakimbia, nikamufuata mpaka ndani ya kachumba kake. Nani angenizuia? Ku écran kulikuwa mistari myekundu ya erreur, moja chini ya ingine, mpaka macho inachoka.

"Inasema nini?"

"Maman, inasema *ClassNotFoundException*. Inatafuta classe moja, ni kipande ya programu, na haiipati."

"Basi uipatie!"

Akazima serveur, akawasha. Mistari ileile. Akafuta mafaili ya muda, akawasha tena. Mistari ileile. Docteur Zagabe akapiga picha za scanner na téléphone, akazituma Kinshasa, na docteur wa kule akajibu mbio: hizi hazitoshi, lazima nizipitishe zote mu application, siwezi kusema wafungue kichwa ya mutu juu ya picha za WhatsApp.

Nilimutukana Guylain, sitaficha. "We kijana, unacheza na mutoto wangu? Kama kazi hujue, sema!" Aliendelea kuandika. Jasho ilikuwa inadondoka ku clavier. Ghislaine, infirmière, akaingia polepole, akaniambia Héritier ameanza kuchanganya maneno, anamuita yeye maman. Yesu Maria! Nilikuwa nataka kukimbilia kwa mutoto, na nilikuwa naogopa nikitoka Guylain atalegea. Nikabaki.

Ghafla akaacha kuandika, akashika kichwa na mikono mbili.

"Maman, kosa iko yangu."

Akanielezea akiwa anafanya kazi. Clinique iko na application tatu: ya caisse kwenye watu wanalipa, ya pharmacie, na ya picha. Kila moja inahitaji vipande vya programu vyenye watu wengine waliandika, wanaviita bibliothèques, na kuvivuta ku internet kunakula mégas, ni kusema data. Sasa yeye, juu ya kuchunga mégas za clinique, aliviweka vyote mu dossier moja, application zote zichote mule, sawa nyumba yenye iko na nyungu moja. Juzijuzi pharmacie iliomba bibliothèque mupya. Akaitia mule, akaondoa ya zamani. Ile ya picha ilikuwa imekwisha kuchota ya zamani, iliishika mu kumbukumbu, ikaendelea kutembea. Mutu hakuona kitu. Courant ilipokatika ikasahau yote, ikaamka, ikarudi ku nyungu, na bibliothèque yenye inajua, yenye ile classe ndani, haimo tena.

"Rudisha ya zamani!"

"Nikiirudisha mule, pharmacie inakufa."

"Ikufe!"

"Maman, dawa za kumulalisha Héritier zinatoka kule."

Aliivuta ya zamani toka internet, connexion inatambaa, ule mustari wa téléchargement unasimama, unasogea, unasimama. Nilikuwa naomba kwa sauti. Ikafika. Akaiweka mu dossier ya application ya picha peke yake, akawasha. Nyekundu tena!

"Aka! Na sasa ni nini?"

"Bibliothèque ingine yenye inaiita hii imebaki mu nyungu ya wote. Ile nyungu ni ya wazazi, hii dossier ni ya mutoto. Mutoto anaweza kuja kula kwa wazazi, lakini wazazi hawaende kufunua nyungu ya mutoto. Haiwezi kuiona." Akakopia na ile ingine, akaiweka kwa mutoto pamoja na mwenzake. Akawasha. Tukangoja, mimi na yeye, macho ku écran.

Kichwa ya mutoto wangu ikatokea ku écran, nyeupe na nyeusi.

Kinshasa ilijibu, wakamuingiza mu chumba cha kupasulia, wakafungua upande wa kushoto. Héritier iko muzima. Anakula, anacheka, anagombana na mimi. Lakini mukono yake ya kuume haishike tena truelle ya kujengea, haishike hata kijiko. Nilimuuliza docteur Zagabe: ni kuanguka, ao ni yale masaa tuliyongoja? Akasema, "Maman, hakuna mutu anaweza kujua." Ghislaine aliniambia kwamba Guylain naye alienda kuuliza ile ile, na akarudi tena kuuliza.

Siku hizi kila application iko na dossier yake. Na kila dimanche, siku ya misa, Guylain anapita kwetu. Mimi namutilia chai, na sijue kama ninamushukuru ao ninamulaani. Iko siku naamuka na moja, nalala na ingine.

Dimanche iliyopita tulikuwa tunatoka kwenda misa. Héritier alikaa ku mulango, akanyoosha muguu.

"Grand, kaka yangu, nifungie kamba ya kiatu."

Guylain akapiga magoti. Alifunga, ikalegea, akafungua, akafunga tena, machozi inamwangukia ku mikono.

"We, unafunga ao unatafuta erreur?" Héritier akamucheka.

Kinywani nilikuwa na neno: acha, nitamufungia mimi mwenyewe. Sikulisema. Nilisimama pale mpaka akamaliza na kiatu cha pili.